Skrini Haiazimii Chochote

Chukua maelekezo ya monita yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yapitishe kwenye programu ya kutafsiri, na usishangae ukiambiwa uende kwenye mipangilio ukachague "azimio la skrini". Azimio tunalijua. Ni neno la vikao na mikutano mikuu, neno la Arusha mwaka 1967. Wajumbe hukaa, hubishana, hukubaliana, hutangaza. Skrini haijakaa kikao na yeyote. Mashine imekutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, moja ya bungeni na moja ya kwenye lenzi, ikaokota ile iliyozoea kuiona magazetini.

Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue hawana taabu hiyo. Wao husema rezolusheni, wakaendelea na kazi: "rezolusheni yake imeshuka", "hebu ipandishe rezolusheni". Neno limeshaingia kwenye ngeli ya I-/ZI-, halidaiwi kitu. Anayetaabika ni mwandishi wa kitabu cha shule, mfasiri wa menyu za simu na mwalimu wa kompyuta anayetakiwa kueleza neno hilo lina maana gani, maana kulitamka si kulieleza. Mimi naona tumelichezea sana, na si kwa sababu Kiswahili hakina neno. Tumekuwa tukitafuta neno moja kwa vitu viwili.

Maana ya kwanza ilitoka kwa watu wa darubini. Katika mkia wa kundi la nyota liitwalo Dubu Mkubwa kuna nyota iitwayo Mizar, na ubavuni mwake nyingine hafifu, Alcor. Mwenye macho mazuri huziona mbili. Mwenye macho dhaifu huona moja. Ukiielekezea Mizar darubini, hata ndogo, yenyewe nayo hugawanyika, kumbe ilikuwa nyota mbili tangu mwanzo. Nyota hazikubadilika, kilichobadilika ni uwezo wa chombo kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana. Mwaka 1879 Lord Rayleigh wa Uingereza aliuwekea uwezo huo kanuni: akaeleza ni umbali gani kati ya nukta mbili za mwanga ambao, ukipungua zaidi, huziunganisha zikaonekana kitu kimoja. Neno la Kiingereza kwa maana hii halihusiani na kuazimia hata kidogo. Mzizi wake wa Kilatini ni kufungua kilichofungamana.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyohiyo: kupambanua. Tunapambanua pumba na mchele, sauti na sauti, jambo na jambo. Kwa hiyo upambanuzi wa darubini, wa hadubini, wa lenzi ya kamera, wa jicho, ni istilahi inayojieleza bila maelezo ya ziada. Mwanafunzi wa fizikia akisoma kwamba upambanuzi wa jicho la kawaida ni kama dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya sitini ya digrii, anajua mara moja kinachopimwa.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Mtu anapofungua mipangilio ya skrini kwenye kompyuta na kukuta orodha ya 1920 kwa 1080, 1366 kwa 768, 1024 kwa 768, hapimi upambanuzi wa chochote. Anachagua hesabu ya pikseli: picha itakayotumwa kwenye skrini iwe na nukta ngapi kwa upana na ngapi kwa urefu. 1920 kwa 1080 ni nukta 2,073,600. 1024 kwa 768 ni 786,432. Hii ni hesabu tu, na yeyote anaweza kuifanya. Kama picha hiyo itaonekana safi au la, hilo linategemea kitakachoipokea.

Zamani, enzi za monita za chogo, tofauti hii haikuuma. Kioo cha chogo hakikuwa na safu za pikseli zilizopangwa kuifuata picha. Mshale wa elektroni ulifagia kwa mistari mingi au michache kadiri ulivyoamrishwa, na picha ikatoka sawasawa kwa hesabu mbalimbali. Monita bapa za leo ni jambo jingine. Kioo cha 1920 kwa 1080 kimetengenezwa kiwandani na vyumba vya pikseli kwa hesabu hiyo, havizidi wala havipungui. Ukikitumia picha ya 1280 kwa 720, kila pikseli inatakiwa ifunike chumba kimoja na nusu, na nusu ya chumba haipo. Kompyuta au monita itachanganya rangi za majirani ili kuziba pengo, na herufi zitaota ukungu. Ndiyo maana katika orodha ile kuna chaguo moja lililowekewa alama kwamba ndilo linalopendekezwa. Hapendekezi mtu, ni kioo kimetaja hesabu ya vyumba vyake.

Sasa angalia neno la pili lililoenea: ubora. Kwenye video halina ubaya. Ukichagua 144 unapata picha duni na bando linadumu. Ukichagua 1080 unapata picha safi na bando linakwisha. Ubora na hesabu hapo hutembea pamoja. Lakini neno hilohilo likihamishiwa kwenye monita au projekta linapotosha, kwa sababu mtu akiambiwa achague ubora atachagua mkubwa, na nani hapendi kilicho bora? Anaunganisha laptopu na projekta ya ukumbini ambayo kioo chake cha ndani ni 1024 kwa 768, anachagua 1920 kwa 1080, na projekta inajikongoja: ama inaikandamiza picha mpaka safu za namba kwenye jedwali hazisomeki, ama inatoa ujumbe kwamba mawimbi yako nje ya masafa yake na ukuta unabaki mweusi. Kwenye Windows mtu aliyepotea hivyo hana haja ya kubonyeza kitu. Akisubiri sekunde 15 bila kuthibitisha badiliko, mipangilio ya awali hurudi yenyewe. Wengi huchomoa waya kabla ya hapo.

Kuna na wale wanaofanya kinyume. Laptopu ya inchi 14 yenye 1920 kwa 1080 ina herufi ndogo, na mzee aliyenunuliwa laptopu hiyo na wanawe analalamika kwamba haoni. Kijana wa jirani anaishusha hadi 1366 kwa 768. Herufi zinakua, ndiyo, lakini sasa zina ukungu, na mzee anaambiwa akapime macho. Dawa ilikuwa mstari mwingine katika ukurasa uleule wa mipangilio, ule wa ukuzaji wenye asilimia 125 na 150, ambao huchora herufi kubwa kwa kutumia nukta nyingi zaidi na kuiacha hesabu ya kioo ilivyo. Kama menyu ingesema "idadi ya pikseli" badala ya neno la kubahatisha, kijana angejiuliza kwa nini anapunguza pikseli ili mtu aone vizuri.

Hata lile lalamiko la kwamba laptopu ilikuwa safi mpaka ilipounganishwa na projekta lina asili hiyohiyo. Katika hali ya kunakili, picha moja inaonyeshwa kwenye vioo viwili, na mara nyingi kompyuta hutafuta hesabu ambayo vyote vinaimudu. Projekta ikiwa ndogo, laptopu inashushwa ilingane nayo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kupanua badala ya kunakili, na kila kioo kitarudishiwa hesabu yake. Mhadhiri anayetaka kuona anachowaonyesha wanafunzi atakasirika kidogo, maana sasa slaidi ziko ukutani pekee, lakini laptopu yake itakuwa imepona.

Kompyuta inajuaje vyumba vya kioo ilichounganishwa nacho? Hapa ndipo pana utamu wa mambo, na pia chanzo cha safari nyingi za bure kwa fundi. Tangu mwaka 1994, kwa kiwango kilichowekwa na chama cha watengenezaji kiitwacho VESA, monita hubeba wasifu wake katika kumbukumbu ndogo. Wasifu huo huitwa EDID, na toleo lake la msingi ni baiti 128 tu, pungufu kuliko ujumbe mmoja wa simu. Humo mna jina la mtengenezaji, modeli, upana na urefu kwa sentimita, na hesabu ya pikseli inayopendelewa. Ukichomeka waya, kompyuta husoma wasifu kwanza, ndipo hupanga orodha ya kuchagua.

Wasifu haupiti kwenye nyaya zilezile za picha. Katika plagi ya VGA, ile ya buluu yenye pini 15 iliyoletwa na IBM mwaka 1987, pini za rangi ni nyingine, na wasifu hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei poa unaweza kukosa mojawapo, au pini ikapinda kwa kuchomekwa kwa pupa. Picha itapita, kwa sababu njia zake ni nzima. Wasifu hautafika. Kompyuta, ikiwa haijui inazungumza na nani, itabahatisha 1024 kwa 768 au hata 800 kwa 600, na lile chaguo linalopendekezwa litatoweka kwenye orodha. Mwenye kompyuta atasema rezolusheni imekataa. Ataambiwa asakinishe upya draiva, kisha afute kompyuta nzima aanze moja, na mwisho atakuta hali ni ileile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Draiva nayo hukosea, nisiionee huruma. Ila kuna njia ya kutofautisha isiyohitaji pesa: angalia kioo cha laptopu chenyewe. Kama nacho kimeshuka na kinagoma kupanda huku projekta imechomolewa, ishuku draiva ya michoro. Kama cha laptopu ni kizima na cha nje pekee ndicho kimeharibika, badilisha waya, kisha adapta, kisha kigawanyaji kama kipo katikati, kabla hujagusa programu yoyote.

Wenye televisheni kubwa za 3840 kwa 2160 hukutana na kero yao. Pikseli 8,294,400 ni mzigo mzito, na HDMI ya toleo la 1.4, la mwaka 2009, huubeba mara 30 tu kwa sekunde. Ni toleo la 2.0 la mwaka 2013 lililofikisha 60. Ndiyo maana laptopu ya zamani ikiunganishwa na televisheni mpya inatoa picha kali lakini kishale cha kipanya kinaburuzika. Idadi imetimia, kasi haikutimia, na hilo ni suala la istilahi nyingine kabisa.

Mtaani, kinyume cha upambanuzi kina jina tayari, na halikutoka kwenye kamati. Picha ikiharibika watu husema ina chenga. Ni chenga zilezile za mchele uliovunjika, na anayetazama mpira kwenye mtandao dhaifu hahitaji kueleweshwa zaidi. Neno hilo linaitaja hali inayoonekana kwa jicho, halitaji namba. Hakuna anayesema picha ina chenga 786,432.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kugawa. Upambanuzi ubaki kuwa uwezo wa chombo kutenganisha vitu vidogo. Idadi ya pikseli iandikwe hivyo kwenye menyu na vitabuni, maana ndiyo inayochaguliwa. Rezolusheni ibaki mdomoni mwa fundi, haina kosa. Azimio lirudi mkutanoni.

Kuna watakaosema kuwa maneno mawili ni mzigo wakati Kiingereza kinatumia moja. Waende steshenari. Mteja analeta picha ya pasipoti aliyoipakua kutoka kwenye kundi la WhatsApp, anaambiwa inatakiwa nukta 300 kwa inchi, na kijana anaandika 300 kwenye programu kana kwamba anatia saini. Namba hiyo peke yake haiongezi kitu. Picha ya milimita 35 kwa 45 inahitaji takriban pikseli 413 kwa 531 ili ifikie nukta 300 kwa kila inchi. Kama hazimo kwenye faili, programu itazibuni, na pua ya mteja itabaki na ukungu wake.

Au waangalie maboksi ya projekta ndogo za bei rahisi. Juu yake imeandikwa 1080 kwa herufi kubwa. Soma maandishi madogo ubavuni na mara nyingi utakuta kwamba 1080 ni picha inayokubaliwa kuingia, ilhali kioo cha ndani ni 800 kwa 480. Skana nazo hufanya hivyo: nukta 600 kwa inchi za lenzi yenyewe, 9600 za kukadiria. Idadi imepandishwa mara kumi na sita na upambanuzi haujasogea. Mnunuzi aliye na neno moja hawezi kuliuliza swali hili, aliye na mawili atamuuliza muuzaji, "Hiyo 1080 ni ya kioo au ya kupokea tu?" na asubiri jibu kabla hajatoa hela.