L Isiyoonekana: Mzizi wa Kitenzi cha Kiswahili kwa Ushahidi wa Kigikuyu

Wanasarufi wa Kiswahili wamekubaliana tangu zamani kwamba neno la lugha hii hujengwa kwa kuunganisha viungo. Wasichokubaliana ni mahali pa kukata. Katika 'analima' hakuna ubishi mkubwa: a-na-lim-a. Lakini mwanafunzi akipewa 'fungulia' na kuambiwa autenge mzizi, majibu huwa matatu, na kila jibu lina watetezi wake. Wako wakatao fungu-li-a, na kwao kauli ya kutendea ina maumbo manne: -i-, -e-, -li- na -le-. Wako wakatao fungul-i-a, na kwao l ni mali ya mzizi. Na wako wasemao kwamba l huchomekwa tu ili irabu zisigongane. Jibu hili la mwisho ni jepesi kufundisha, lakini ndilo dhaifu kuliko yote, kwani Kiswahili hakiogopi irabu kufuatana. Neno 'fungua' lenyewe linazo mbili, 'samehea' vilevile, wala hakuna anayezitenga.

Ubishi huu una historia. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 sarufi yake ilichapishwa Tübingen, Kiswahili kikielezwa sambamba na 'Kinika', jina ambalo lugha za Wamijikenda zilipewa siku hizo. Lugha hizo zina 'kala' na 'vyala' pale ambapo Kiswahili kina 'kaa' na 'zaa'. Basi ushahidi wa l ulikuwapo Rabai, mlangoni pa msarufi wa kwanza. Edward Steere, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1870, alikuwa na haja nyingine: kumwezesha mgeni kuisema lugha ya Unguja. Kwa haja hiyo orodha ya miishio yatosha. Ni Carl Meinhof, katika kazi yake ya mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, aliyeonyesha kwa ulinganishi kwamba irabu zinazoandikwa i katika Kiswahili zina asili mbili, moja 'nzito' na moja 'nyepesi', na kwamba ile nzito ndiyo iliyozigeuza konsonanti zilizoitangulia.

Maelezo ya Meinhof huwachosha wanafunzi, kwa sababu hufundishwa kwa maumbo yenye nyota ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasikia. Hata hivyo, wengi wao hawana haja ya nyota. Mwanafunzi atokaye Mugutha, baina ya Ruiru na Thika, akiwa amelelewa kwa Kigikuyu, amekuja darasani na ushahidi kinywani. Kigikuyu kimehifadhi irabu saba, na maandishi yake huzitenganisha i na ĩ, u na ũ. A. R. Barlow aliieleza sarufi yake mwaka 1914; Lilias Armstrong alichunguza sauti na toni zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1940, baada ya kifo chake, na msemaji aliyemtegemea zaidi huko London alikuwa Jomo Kenyatta, mwenyeji wa Gatundu, si mbali na Mugutha.

Majina ya mahali ya upande huo yanatosha kuonyesha kwamba kiambishi hakitambulikani kwa sura yake peke yake. Kiganjo na Githunguri yana kiambishi kimoja, kile kile cha 'kitabu' na 'kisima'. Katika jina la pili k imegeuka g kwa sababu ya konsonanti inayofuata, kwa kanuni ambayo Meinhof aliipa jina la Edmund Dahl mwaka 1903. Gatundu nalo lina ka- iliyogeuka kwa njia hiyo hiyo. Katika jina Mugutha lenyewe mu- yaonekana wazi, lakini g iliyo mbele ya th yaweza kuwa g ya asili au k iliyogeuka, na umbo peke yake haliamui. Watu wapendao kueleza asili ya majina ya vijiji kwa kufananisha sauti wangefaa kuanzia hapo.

Mbele ya neno, basi, mambo si magumu mno. Ugumu uko nyuma ya mzizi. Kigikuyu husema 'ikara' kwa 'kaa', na 'ciara' kwa 'zaa'. Kina 'hinga' na 'hingũra' kwa maana ya funga na fungua. Hata kama mizizi yenyewe haitokani na asili moja, kiambishi cha kutendua ni kile kile, na r ya Kigikuyu hulingana na l iliyodondoka katika 'fungua'. Msemaji wa Kigikuyu huisikia konsonanti hiyo kila siku. Msemaji wa Kiswahili huisikia tu inapofuatwa na kiambishi: kalia, zalia, fungulia, chagulia, nunulia. Haikuchomekwa. Ilikuwapo, ikadondoka penye kiishio -a, ikasalia penye hifadhi.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi. Kutokana na 'kaa' Kiswahili kimepata 'mkazi', na kutokana na 'zaa', 'mzazi'. Vivyo hivyo ufunguzi, uchaguzi, mnunuzi, mkombozi. Hii z imetoka wapi, ikiwa mzizi unaishia kwa irabu? Kigikuyu hujibu kwa 'mũikari' na 'mũciari': mzizi wenye r, kisha -i ya mtendaji. Katika Kiswahili l ile ile ilikutana na i ile ile, nayo i ikaifanya z, kama ilivyoifanya k ya 'pika' kuwa sh katika 'mpishi'. Lakini kwa nini basi 'kalia' haikuwa 'kazia'? Kwa sababu i yake si ile. Kigikuyu huandika 'mũrugi', mpishi, kwa i, na 'rugĩra', pikia, kwa ĩ. Kiswahili kimezichanganya irabu hizo mbili katika matamshi, ila konsonanti bado zakumbuka tofauti yao. Mtu akikata fungu-li-a hawezi kuieleza z ya 'ufunguzi' isipokuwa kwa kutunga kiambishi kingine, -zi, na orodha yake huendelea kurefuka.

Kamusi nazo zimehusika. Ile ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake; msomaji alipaswa kuujua mzizi kabla ya kulipata neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ililipa 'uchaguzi' mahali pake chini ya U. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni nafuu kubwa, na hapana haja ya kurudi nyuma. Ila uhusiano wa l na z umetoweka machoni, na kazi ya kuuonyesha imebaki kwa sarufi.

Kuna, hata hivyo, neno moja linaloizuia hoja hii isipite kiasi, nalo ni 'sahau'. Asili yake ni Kiarabu, na huko halikuwa na l mwishoni. Pamoja na hayo Waswahili wote husema 'sahauliwa', wala si 'sahauwa'. Hapa l haikurudi, kwani haikuwahi kuwapo. Wasemaji walisikia funguliwa, chukuliwa, nunuliwa, wakaichukulia -liw- kuwa mwisho ufaao kwa kitenzi chochote chenye sauti kama hizo. Yaani wasemaji wenyewe wamekwisha kukata fungu-li-a, hata kama historia yakata fungul-i-a. Mikato yote miwili ni halali. Kila mmoja hujibu swali lake, na mtahini anayeuliza pasipo kutaja swali lipi humwonea mtahiniwa.

Hata hivyo mipaka ya kufananisha huko yaonekana. Kutokana na 'sahau' yuko msahaulifu, mwenye l ya kuiga. Msahauzi hayuko: neno lilipoingia, i nzito ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake.