Kutoka Chungu cha Maiyek hadi Usukani

Mwisho wa mwezi, wachumaji chai wakishalipwa, pikipiki huchomoka vichochoroni mwa Sotik, Kenya, bila taa na kushika lami ya kuelekea Kaplong. Dereva amelewa, leseni hana, na abiria wake amepakata jerikeni la chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Makosa manne juu ya magurudumu mawili.

Zamani pombe ya Wakipsigis wa huko haikuwa na haraka. Wazee walikizunguka chungu cha maiyek, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Aliyezidiwa alipepesuka hadi kwake kwa miguu, na aliyevunja heshima aliwajibika mbele ya wazee walewale.

Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yaliivamia Sotik, na sheria mpya ikaingia nyuma ya bunduki. Kwao London, dereva wa teksi George Smith alikuwa ameshatozwa faini ya shilingi 25 kwa ulevi barabarani mwaka 1897. Huku Kenya sheria ilitazama kwanza rangi ya mnywaji: hadi 1947 Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa ya Wazungu.

Mwaka 1980 serikali huru ikapiga marufuku chang'aa. Chini ya marufuku hiyo mnywaji alikuwa mhalifu kabla hajagusa ufunguo. Mpishi alijificha mtoni, mchukuzi alikwepa vizuizi, na askari mla rushwa akapata mradi. Ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008, mnyororo huo ukapata mwendo. Sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa iliyopikwa kwa viwango na kufungwa chupani, lakini pipa la mtoni halikuzimika.

Je, mlevi wa usukani ni mhalifu wa mengine? Huko Uingereza, mtafiti T. C. Willett alichunguza wakosaji wakubwa wa barabarani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1964: miongoni mwa waliodhaniwa waungwana walioteleza mara moja, si haba waliokuwa na rekodi ya makosa mengine. Hilo halimfanyi kila mlevi kuwa mwizi. Ila anayezoea kuponyoka kwa kosa moja huliona la pili jepesi.

Desemba 2013 alkoblou, kifaa cha polisi cha kupima ulevi kwa pumzi, ilirudi barabarani Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikazibatilisha kanuni zake. Na hata kabla ya hapo, ilipima pumzi ya dereva tu. Jerikeni la abiria halikuulizwa lilikotoka, wala limepita vizuizi vingapi.