Wazinjibari: Waomani wazungumzao Kiswahili

Wazinjibari ni jina wanaloitwa nchini Omani raia waliozaliwa Afrika Mashariki, au waliozaliwa na wazazi wa huko, na ambao familia zao zilihamia Omani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Jina limetokana na Zanzibar, lakini humkumba pia aliyezaliwa Mombasa, Tabora au Bujumbura na ambaye pengine hajawahi kukanyaga Unguja. Wengi wao walifika baada ya 1970. Katika lugha ya serikali walikuwa watu waliorejea kwao. Kwa kijana wa Ng'ambo, Unguja, au wa Wete, Pemba, ilikuwa ni kuhamia ugenini hasa: nchi ambayo hakuwahi kuiona, yenye lugha aliyoijua kwa kisomo cha chuo cha Kurani tu, na jua ambalo halikumbuki mvua.

Chimbuko

Uhamaji ulianza kwa kuelekea upande wa pili. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na katika miaka ya 1830 Sayyid Said bin Sultan akahamishia makao yake Unguja. Dola yake iligawanywa mwaka 1861, Zanzibar ikawa na sultani wake na Maskati wake. Hata hivyo, wingi wa watu haukuja na wafalme. Ulikuja na majahazi ya kaskazi, ukiwa na wanaume maskini kutoka vijiji vya ndani vya Ibra, Nizwa na Bahla, waliokimbia ukame, mifereji iliyokauka na ugomvi wa makabila. Mkondo huo uliendelea hadi katikati ya karne ya 20, na vita vya Jabal Akhdar nchini Omani vya miaka ya 1950 viliuongezea watu.

Hao ndio walioitwa Wamanga. Wachache walipata mashamba ya mikarafuu. Wengi walifungua vijiduka, wakasogea bara mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakaoa huko huko. Watoto wao walilelewa na mama wa Kinyamwezi, wa Kimanyema au wa Kipemba, wakacheza na kugombana kwa Kiswahili. Kufikia 1964, kilichobaki cha Omani katika nyumba nyingi kilikuwa jina la kabila na jina la kijiji cha babu. Urithi huo mdogo ndio uliokuja kuamua nani ataingia Omani na nani atabaki nje.

Kuondoka

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa na asili ya Kiarabu. Idadi yao ingali inabishaniwa. Wengine waliwekwa kambini kisha wakapakiwa vyombo vya kwenda Arabuni. Mashamba yalitaifishwa na kugawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wote waliondoka mwaka ule. Familia nyingi zilikaa, zikaona mambo yatatulia. Walichokimbia baadaye kilikuwa cha polepole zaidi: nafasi za kazi na masomo zilizofungwa kwa wenye majina fulani, chakula cha mgao, na ndoa za kulazimishwa za 1970 zilizowatia hofu wazazi wenye mabinti. Ruhusa ya kusafiri ilikuwa adimu chini ya Rais Abeid Amani Karume, kwa hiyo wengi walivuka usiku kwa ngalawa na mashua kuelekea mwambao wa Tanganyika au Kenya. Aliyefika Mombasa hakuwa amefika. Alikuwa ametoka tu.

Kwa nini Omani, na kwa nini si mapema

Maelezo ya kawaida kuhusu wahamiaji hutaja kinachowasukuma kutoka kwao na kinachowavuta ugenini. Kwa Wazinjibari maelezo hayo ni nusu tu. Cha kusukuma kilikuwepo tangu 1964, na udugu wa Omani ulikuwepo kwa karne nzima. Kilichokosekana ni wa kufungua mlango. Sultani Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, aliwaogopa watu waliosoma na waliouona ulimwengu, na aliruhusu wachache tu. Nchi yenyewe haikuwa na mengi ya kumpa mgeni. Hadi 1970 ilikuwa na shule 3 za serikali zenye wanafunzi takriban 900, wote wavulana, barabara ya lami ya kilomita 10 hivi, na malango ya Maskati yalifungwa usiku. Mtu wa Mji Mkongwe aliyezoea umeme, magazeti na sinema angeiona kama adhabu.

Kwa hiyo walitawanyika kufuata penye nafasi. Wanafunzi walikwenda Cairo, ambako tangu miaka ya 1950 kulikuwa na vijana wengi wa Zanzibar. Wenye kutafuta kazi walikwenda Kuwait na Dubai. Wengine walifuata Uingereza, alikokimbilia Sultani Jamshid bin Abdullah aliyepinduliwa. Waliokwama Ghuba bila uraia waliachiwa tatizo refu: baada ya Komoro kupitisha mwaka 2008 sheria ya kuuza uraia, baadhi ya wasio na utaifa katika Falme za Kiarabu, wakiwemo wenye asili ya Zanzibar, walipewa pasi za Komoro, visiwa ambavyo wengi wao hawakuwa na jamaa wala nyumba humo.

Mlango wa Omani ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, Qaboos bin Said alipomwondoa baba yake madarakani na kuwaita Waomani wa nje warudi. Wito ule haukuwa wa huruma peke yake. Mafuta yalikuwa yakisafirishwa tangu 1967, vita vya Dhofar, kusini mwa nchi, vilikuwa vinaendelea (vilikwisha 1976), na dola mpya haikuwa na makarani, wauguzi, walimu wala mafundi. Wazinjibari walikuwa wamesoma katika shule za mfumo wa Kiingereza, na wanawake wao walikuwa wamesoma pia.

Pasi ilitolewa kwa kabila. Mwombaji alijitaja kuwa al-Harthy, al-Barwani, al-Riyami au al-Kharusi, na sheikhe wa kabila hilo alitakiwa kumtambua. Hapo ndipo mzee fulani wa kijijini aliyemkumbuka babu aliyesafiri zamani alipokuwa na thamani kuliko cheti chochote. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, hivyo rangi na kabila la mama havikumzuia mtu kuingia, ingawa vilikumbukwa baadaye zilipokuja habari za posa. Lakini jirani yake wa mtaa ule ule, Mngazija, Mhadhrami au Mshirazi, aliyepoteza yale yale mwaka 1964, hakuwa na sheikhe wa kumwendea. Wengi wa hao ndio waliojenga jumuiya za Wazanzibari za Uingereza na Kanada. Hata mwaka 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari kisiwani Pemba, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni nchini Kenya, si Arabuni.

Mlango huo ulimbagua mtu mmoja wa nasaba bora kuliko wote. Jamshid, Mbusaidi kama Qaboos mwenyewe, aliishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Aliruhusiwa kuhamia Omani mwaka 2020 tu, akafia Maskati mwezi Desemba 2024.

Kuizoea nchi

Wachache walikwenda kuishi katika kijiji cha babu. Wengi walikaa Maskati na vitongoji vyake, Ruwi, al-Khuwair na Seeb, karibu na ofisi. Kampuni ya mafuta, benki, jeshi, polisi na hospitali zilifanya kazi kwa Kiingereza, na hapo Wazinjibari walipanda haraka. Wanawake waliingia maofisini, hospitalini na redioni wakati ambapo binti wa Nizwa alikuwa ndiyo kwanza anapata shule ya kumpeleka.

Kilichowapandisha ndicho kilichowaletea kijicho. Waliobaki Omani katika miaka ya dhiki waliona wageni wasiojua kusema Kiarabu sawasawa wakipewa viti vizuri, na swali la kama hawa ni Waarabu kweli likaanza kusikika. Watu wazima walijifunza Kiarabu jioni, kwa aibu, huku watoto wao wakikipata shuleni kwa miezi michache. Baadaye hali iligeuka. Shule zilienea, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafunguliwa 1986, na kizazi kipya cha wenyeji waliosoma kikaja kushindania kazi zile zile, Kiarabu chao kikiwa hakina walakini. Mtafiti Marc Valeri, aliyeandika juu yao mwaka 2007, anaonyesha jinsi Wazinjibari walivyolazimika kujitafutia upya nafasi yao, wengi wakishikilia zaidi jina la kabila. Nafla Kharusi, mwanaisimu wa Omani, ameeleza jinsi jina lenyewe la Zinjibari linavyoweza kuwa na kebehi, na jinsi mtu anavyochagua lugha kwa kuangalia nani anasikiliza.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kanga ilivaliwa ndani na abaya ikachukuliwa mlangoni. Harusi zilipigwa taarabu, na mikeka ya hitima ilijaa watu walioitana shangazi na mjomba kwa mitaa ya Unguja waliyotoka. Jikoni ndiko walikoshindwa kulegeza kamba. Minazi ya Omani huota Dhofar, mbali kusini, kwa hiyo wali wa nazi wa Maskati ulitegemea nazi za kuagizwa, na baadaye tui la kopo, jambo ambalo bibi wa Kizanzibari hamsamehei mtu. Vingine vilitoka nje ya nyumba zao vikawa vya wote: mishikaki inauzwa leo kando ya barabara za Maskati kama chakula cha nchi, mandazi yanajulikana Ghuba nzima, na kofia ya kudariziwa kwa mkono, ambayo ni sehemu ya vazi la Mwomani, huhusishwa na pwani ya Afrika Mashariki.

Kiswahili hakina cheo chochote kisheria Omani, lakini kina waandishi wake. Ali Muhsin al-Barwani, waziri wa Zanzibar aliyepinduliwa na kufungwa miaka mingi Tanzania, aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Alifariki Maskati mwaka 2006. Harith Ghassany alichapisha mwaka 2010 kitabu cha historia ya mapinduzi, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, ambacho kingali kinazusha mabishano. Wajukuu ni jambo jingine: wengi husikia Kiswahili vizuri, wakajibu kwa Kiarabu.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Tangu Zanzibar ilipolegeza masharti yake ya kusafiri katikati ya miaka ya 1980, Wazinjibari wamekuwa wakienda na kurudi: kuzika, kuozesha, kuona jamaa, na siku hizi kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Maskati. Omani hairuhusu uraia wa pili bila idhini maalumu, na Tanzania nayo haina uraia pacha, kwa hiyo kwa muda mrefu aliyezaliwa Chake Chake alipanga foleni ya uhamiaji pamoja na watalii. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama mwananchi. Anayetaka kujenga aghalabu huandikisha kiwanja kwa jina la mpwa au binamu aliyebaki, na mtihani wa udugu huja siku nyumba inapopata mnunuzi.