Fimbo Nyeupe na Suala la Kutambulikana kwa Wasioona Kisiwani Pemba

Kisiwani Pemba, bakora ni alama ya heshima kabla ya kuwa chombo cha kutembelea: huishika mzee aendaye barazani, na khatibu apandapo mimbari. Hivyo asiyeona mwenye bakora hudhaniwa mzee tu. Tatizo hilohilo la kutotambulikana lilimkabili James Biggs, mpiga picha wa Bristol, Uingereza, aliyepofuka kwa ajali. Mwaka 1921 aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1931 Guilly d'Herbemont aliieneza Ufaransa. Weupe huo ni makubaliano zaidi kuliko rangi. Katika barabara za Chake Chake, mkongojo wa mti usiopakwa rangi humsaidia asiyeona kupapasa njia, lakini haumwambii dereva jambo lolote.