Siri ya ushindani wa karibu katika mbio za magari za kompyuta

MBIO za magari za kompyuta ni mashindano ambapo madereva, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na usukani na pedali zilizounganishwa na kompyuta, hukutana kupitia intaneti katika barabara moja ya kuigiza.

Mashindano haya hunoga magari yanapofuatana unyounyo hadi mwisho. Mnamo Machi 22, 2020, janga la Covid-19 lilipokuwa limesimamisha mbio za NASCAR nchini Marekani, madereva wake walishindana katika programu ya iRacing, kwenye nakala ya uwanja wa Homestead-Miami. Denny Hamlin alimpiku Dale Earnhardt Jr. katika mzunguko wa mwisho. Hata hivyo, ushindani wa aina hiyo haujitokezi wenyewe. Huandaliwa kwa kanuni.

Ya kwanza ni kuwapambanisha walio sawa. iRacing, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2008, humpa kila dereva alama ya uwezo iitwayo iRating. Anayewashinda waliomzidi alama hupanda haraka. Anayeshindwa na walio chini yake huporomoka. Mpanda ngazi hushuka. Madereva wengi wanapojiandikisha kwa mbio moja, hugawanywa katika makundi kwa kufuata alama hizo, ili limbukeni asikutanishwe na bingwa.

Ya pili ni kusawazisha magari. Kuna mbio ambazo wote hutumia gari la aina moja lenye matayarisho yaleyale. Pale aina zinapotofautiana, mathalan katika magari ya GT3, lenye kasi zaidi huongezewa uzani au hupunguziwa nguvu. Aidha, baadhi ya ligi humwongezea mshindi uzani katika mbio zinazofuata. Hapo ndipo penye ubishi. Kusawazisha magari huondoa faida isiyotokana na dereva, ilhali kumlemeza mshindi ni kumwadhibu kwa kuendesha vyema. Ligi inayotafuta bingwa halisi haina budi kutenganisha mambo hayo mawili.

Ya tatu ni adabu barabarani. Katika mbio za lami za iRacing, kutoka nje ya barabara huhesabiwa kosa 1, kupoteza udhibiti makosa 2, na kugongana vibaya na gari jingine makosa 4. Mfumo hauulizi nani mwenye hatia. Wote wawili huandikiwa. Asiye na kosa huumia, lakini kila dereva hujifunza kumwachia mwenzake nafasi. Ligi nyingi huwa pia na wasimamizi wanaotazama upya picha za mbio na kutoa adhabu.

Kikwazo kisichotatuliwa na kanuni ni umbali. Gari likienda kilomita 200 kwa saa, husonga takriban mita 5.6 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, zaidi ya urefu wa gari la kawaida. Data ikichelewa kiasi hicho, kompyuta hulazimika kukisia gari la mpinzani liko wapi. Ndiyo maana dereva wa Nairobi anayetumia seva iliyoko Ulaya huweza kuona mwanya pale mwenzake anapoona mgongano. Hata mabingwa hawajasalimika: Januari 2023, Max Verstappen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa langalanga wakati huo, alikuwa akiongoza mbio za saa 24 za Le Mans Virtual mawasiliano yake na seva yalipokatika.

Usawa huu una thamani kubwa kuliko burudani. William Byron alianza kwa kushindana kwenye iRacing kabla ya kuendesha magari halisi, kisha akashinda Daytona 500 mwaka wa 2024 na tena 2025. Kijana asiye na fedha za kununua gari la mashindano huonekana tu pale anapopimwa na wengine kwa mizani iliyo sawa.