Pasipoti Bila Mlango: Waasia wa Afrika Mashariki na Sheria za Uhamiaji za Uingereza

Sheria ya uraia ambayo Bunge la Uingereza liliipitisha mwaka 1948 haikukusudiwa kumleta mtu yeyote London. Kanada ilikuwa imekwisha kujitungia uraia wake, na wanasheria wa Uingereza walitaka kuweka sawa hesabu za dola yao kabla nchi nyingine hazijafuata. Kwa hiyo walibuni hadhi moja, ya raia wa Uingereza na Makoloni, wakaigawa kwa wote. Mtoto wa karani wa reli aliyezaliwa Nakuru akawa, mbele ya sheria, sawa na mtoto aliyezaliwa Birmingham. Wakati ule usawa huo haukumgharimu mtu chochote, kwa kuwa wachache sana walikuwa na nauli ya meli, na wachache zaidi walikuwa na sababu ya kuondoka.

Mtoto huyo wa Nakuru alifikaje pale? Wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat walikuwa wakitia nanga Zanzibar, Lamu na Mombasa karne nyingi kabla ya Mwingereza, lakini jamii kubwa ya bara ilianza na reli. Kati ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba ili kuijenga njia kutoka Mombasa hadi ziwani. Wengi walirudi kwao, kiasi cha 2,500 walifia kazini, na karibu 6,700 walibaki. Nyuma yao wakaja wenye maduka, mafundi, walimu na makarani. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu, hivyo Muasia akasukumwa kwenye biashara na ofisi, na Mwafrika akaachiwa kibarua. Duka la Mhindi likawa mahali ambapo Mwafrika alikutana na ukoloni kila alipokwenda kununua sukari. Chuki iliyojitokeza baadaye ilianzia katika mpangilio huo, na haitoshi kusema tu kwamba watu wa rangi mbili walishindwa kupendana.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ikiwa na Waasia zaidi ya 170,000. Aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya alipata uraia bila kuomba. Waliobaki walipewa miaka miwili ya kuchagua: waombe uraia wa nchi mpya au waendelee na pasipoti ya Uingereza. Hadi muda ulipokwisha, wengi hawakuwa wameomba.

Wanasiasa wa Nairobi walitoa maelezo mepesi: watu hawa wana mguu mmoja ndani na mmoja nje, hawaipendi nchi. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini yanasahau mengi. Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi, alikaa kizuizini tangu 1950 hadi 1961 kwa ajili ya uhuru wa Kenya, na hakuwa peke yake. Sababu ya karibu zaidi ilikuwa tahadhari ya kifamilia. Katika nyumba nyingi baba alibaki na pasipoti ya Uingereza, mwana mkubwa akachukua uraia wa Kenya ili leseni ya duka isipotee, na ndugu mwingine akashika hati ya India. Ilionekana kuwa busara, kwani dhoruba ikija upande mmoja, wa upande mwingine wangewapokea wenzao. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja sheria ingeisoma nyumba hiyo hati kwa hati na kumpeleka kila mmoja njia yake.

Mwaka 1962 Uingereza ilikuwa imeanza kufunga mlango kwa wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Sheria ya mwaka huo iliwaacha huru wote waliobeba pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe, na ikawabana waliobeba pasipoti ya serikali ya koloni. Baada ya uhuru hapakuwa tena na serikali ya koloni mjini Nairobi, na pasipoti za Uingereza zilitolewa na ubalozi wake kwa niaba ya London. Hivyo Waasia wa Kenya wakajikuta nje ya kizuizi. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama hiyo ilikuwa ahadi au uzembe wa wanasheria. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati wa mazungumzo ya uhuru, alisema hakuna ahadi iliyotolewa. Iain Macleod, aliyeiongoza wizara hiyo hiyo kabla yake na wa chama hicho hicho, aliandika hadharani kwamba ahadi ilikuwapo na kwamba neno la serikali lilikuwa limetolewa. Mimi naona ubishi huo una umuhimu mdogo. Mwenye pasipoti hakuwapo kwenye chumba cha mazungumzo. Alichokuwa nacho ni kijitabu kilichotamka kwamba yeye ni raia, na aliyapanga maisha yake juu ya tamko hilo.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mbili. Moja ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na kibali hicho kilikuwa cha muda. Nyingine ilihusu leseni za biashara, ikimfungia asiye raia maeneo na bidhaa kadhaa. Serikali ya Kenyatta ilikuwa na hoja yenye uzito, kwa maana wananchi walikuwa wameuliza tangu 1963 matunda ya uhuru yako wapi, na biashara ya mijini ilikuwa bado mikononi mwa wachache. Lakini mwenye duka asiye raia alielewa ujumbe mara moja. Walioingia Uingereza kutoka Afrika Mashariki waliongezeka, na katika miezi miwili ya kwanza ya 1968 pekee walizidi 12,000. Wengi wao walikuwa wakikimbia mbio na uvumi, kwa sababu magazeti ya London yalikuwa yamekwisha kuandika kwamba mlango utafungwa. Sandys na mbunge mwenzake Enoch Powell walidai ufungwe, wenye pasipoti wakasikia na kukimbilia uwanja wa ndege wa Embakasi, na picha za waliokuwa wakishuka Heathrow zikawapa Sandys na Powell hoja mpya ya kudai. Hofu ya kufungwa kwa mlango ilizaa msongamano uliotumiwa kuufunga.

Tarehe 22 Februari 1968 James Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya Labour, alitangaza muswada. Bunge liliupitisha kwa siku chache, baraza la juu likakesha usiku kucha, na tarehe 1 Machi ulikuwa sheria. Sharti lake lilikuwa fupi: mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia kwa haki yake ikiwa yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia akiwa huko. Mlowezi wa Kizungu wa Naivasha alipita katika tundu hilo bila taabu. Jirani yake mwenye duka hakupita.

Watetezi wa sheria walisema ni suala la idadi, yaani nyumba, shule na hospitali za miji michache. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, maana miji kama Leicester kweli ilipokea watu wengi kwa muda mfupi. Lakini kama tatizo lilikuwa idadi tu, sharti la babu halikuhitajika. Nyaraka za Baraza la Mawaziri zilizofunguliwa baada ya miaka 30 zinaonyesha kwamba waziri wa mambo ya Jumuiya ya Madola, George Thomson, aliwaonya wenzake kwamba sheria hiyo ingekuwa ubaguzi wa rangi ulio wazi. Walimsikia, wakaendelea.

Badala ya haki, waliozuiwa walipewa foleni. Serikali iliahidi vocha 1,500 kwa mwaka, idadi iliyopandishwa hadi 3,000 mwaka 1971 na 5,000 mwaka 1975. Vocha ilikuwa ya mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya, kwa kanuni ya maofisa, alikuwa mume. Mwanamke aliyeolewa, hata kama ndiye pekee mwenye pasipoti ya Uingereza nyumbani, kwa kawaida hakuhesabiwa. Watoto wadogo walisafiri chini ya vocha ya baba, lakini mtoto aliyekua akiwa bado foleni alitoka katika hesabu ya baba yake na kuanza foleni yake mwenyewe. Mpango uliotajwa kuwa wa kupunguza kasi tu ulikuwa, kwa familia, mpango wa kuchagua nani atangulie na nani abaki. Kaya zilizogawana hati ndizo zilizoumia zaidi, kwani mume mwenye hati ya Kenya au India na mke mwenye hati ya Uingereza hawakuwa na mstari wa pamoja wa kusimama.

Wakati foleni ikisogea taratibu, kibali cha kazi cha Nairobi kilikwisha. Mtu akawa hana ruhusa ya kufanya kazi alipo wala ruhusa ya kwenda kwenye nchi iliyompa uraia. Wengine walipanda ndege bila vocha, wakakataliwa Heathrow, wakarudishwa, wakakataliwa tena walikotoka. Watu hao walipigwa danadana kutoka kiwanja hadi kiwanja, wakilala kwenye viti vya abiria wakiwa na pasipoti halali mfukoni. Wengine walikwenda kungojea India, ambako foleni ilifikia miaka kadhaa.

Waliokataliwa 31 walipeleka malalamiko Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Desemba 1973 Tume iliamua kwamba sheria ya 1968 iliwabagua kwa rangi, na kwamba kwa 25 kati yao waliokuwa na uraia kamili ubaguzi huo ulifikia kuwa udhalilishaji wa utu. Watatu miongoni mwa waliolalamika walikuwa waume waliozuiwa kuwafuata wake zao waliokwisha kuingia Uingereza. Tume ilikuta kwamba mke angeruhusiwa kumfuata mume lakini mume hakuruhusiwa kumfuata mke, ikasema haki ya maisha ya familia imevunjwa. Mawaziri wa nchi za Ulaya hawakupata wingi wa kura wa kuithibitisha ripoti, na mwaka 1977 wakalifunga jalada.

Kabla ya uamuzi huo, Uganda ilikuwa imelipuka. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akatoa siku 90. Uingereza, ambayo miaka minne nyuma ilisema haiwezi kupokea zaidi ya 1,500 wakuu wa kaya kwa mwaka, ilipokea watu wapatao 28,000 kwa majuma machache. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko, nao wakaenda, kwa kuwa ndiko walikokuwa jamaa zao. Hata katika ukarimu huo familia zilikatwa. Baadhi ya waume walikuwa wamevuliwa uraia wa Uganda na hawakuwa na nchi yoyote. Wake zao wenye pasipoti za Uingereza waliingia, wao wakapelekwa kwenye kambi za muda Austria, Italia na Malta. Ilisubiriwa hadi 1974, Roy Jenkins alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ndipo masharti juu ya waume yalipolegezwa.

Kutoka hapo sheria zilibadilika mara nyingi, na nitataja zile tu zilizogusa nyumba. Sheria iliyoanza kazi 1 Januari 1973 iliwaahidi wanaume wa Jumuiya ya Madola waliokuwa tayari wakaazi kwamba haki yao ya kuleta wake na watoto haitapunguzwa. Mwaka 1988 ahadi hiyo ilifutwa. Sheria ya uraia iliyoanza 1983 iliwapa waliobaki foleni jina jipya, raia wa Uingereza wa ng'ambo, lisilo na haki ya kuingia. Mwaka 1985 mahakama ya Strasbourg, katika kesi ya Abdulaziz, Cabales na Balkandali, iliona kwamba kuwabana waume kuliko wake ni ubaguzi wa kijinsia. Uingereza ilitii kwa njia yake: iliwabana na wake vilevile.

Vocha zilifutwa Machi 2002, na kuanzia 30 Aprili 2003 raia wa ng'ambo asiye na uraia mwingine aliweza kujiandikisha kuwa raia kamili. Waziri David Blunkett alikiri kwamba serikali ilikuwa ikirekebisha kosa la kihistoria. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1968 alikuwa sasa na 65.

Karne mpya imeleta masharti yanayopima mshahara na miaka mahali pa babu. Tangu Julai 2012 anayetaka kumleta mwenzi wake lazima awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa hadi 29,000 Aprili 2024, na muda wa mwenzi kungojea ukaazi wa kudumu ukatoka miaka 2 hadi 5. Machi 2024 wahudumu wanaowatunza wazee na wagonjwa, kazi iliyowavuta wengi kutoka Afrika, walizuiwa kwenda na wenzi na watoto wao. Mei 2025 serikali ya Labour ilitangaza nia ya kuongeza muda wa kawaida wa kupata ukaazi kutoka miaka 5 hadi 10. Novemba mwaka huo Waziri Shabana Mahmood alipendekeza miaka 15 kwa wahudumu hao, na mapendekezo yalikusudiwa kuwafikia hata waliokwisha kuwamo nchini na kuanza kuhesabu miaka yao.

Anayejiandaa leo Nairobi, Kampala au Mwanza kwenda kufanya kazi Uingereza kwa kawaida humuuliza wakala wake masharti ni yapi. Aulize pia kama kuna kifungu chochote kinachoyalinda masharti hayo hadi siku yeye na watoto wake watakapoomba ukaazi, na asiuze shamba kabla ya kupata jibu.