Kipato cha Mwezi

Mwaka niliomaliza kidato cha sita, baba alikaa jioni nzima na fomu ya mkopo wa elimu ya juu, miwani puani, kalamu mkononi. Alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero, mjini Musoma. Nilipofika kwenye kipengele cha kipato nikamwambia, "Baba, taja tu cha mwezi." Akanitazama. "Mwezi upi, wa giza au wa mbalamwezi?"

Hakuwa anatania. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka hawaifuati taa, mitumbwi inalala mwaloni, na nyumbani kwetu daftari la deni dukani linaanza kunenepa. Tukaandika namba ya katikati, namba ambayo sidhani kama iliwahi kuingia mfukoni mwa mzee hata siku moja.

Fomu ile imenirudia mwaka huu kwa sababu ya mpwa wangu, nami nikajikuta nafikiria jinsi mji huu ulivyofungamana na swali la nani asomeshwe, na kwa ushahidi gani.

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Burito alitoka Butiama akaja kuanza shule Mwisenge, hapa hapa Musoma. Akaenda Tabora, akaenda Makerere, na mwaka 1949 akapanda kwenda Edinburgh kwa ufadhili wa masomo. Julius Nyerere hakusahau kwamba alisomeshwa. Alipokuwa Rais aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada; asiporudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu 400. Kwa hiyo deni la msomi lilikuwepo zamani sana, kabla hatujawa na Bodi ya kulidai. Halikuwa na riba wala makato, lakini lilikuwa deni.

Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma. Azimio la Musoma wengi tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, ila lilikuwa na upande wa chuo kikuu pia: mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo moja kwa moja. Apite jeshini, afanye kazi angalau miaka miwili, halafu alete maoni ya mwajiri na ya chama kwamba ni mtu wa kufaa. Chuo chenyewe serikali ililipa. Hukuulizwa baba yako ana ng'ombe wangapi. Uliulizwa tabia yako, na wa kujibu walikuwa watu wanaokufahamu, au wanaokuchukia, maana barua ya tawi ingeweza kuandikwa na mtu mliyegombania mpaka wa shamba. Wasichana waliumia zaidi, idadi yao chuoni ikashuka, na baada ya miaka michache wakaondolewa sharti hilo.

Miaka ya 80 hela zikaisha. Mwaka 1992 ndipo ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama, neno la upole kweli kweli, na miaka miwili baadaye wizara ikaanza kukopesha wanafunzi. Sheria ya Bodi ya Mikopo ni ya 2004. Bodi yenyewe ilianza kazi Julai 2005. Hapo swali likageuka. Zamani ulithibitisha wema, sasa unathibitisha umaskini. Kizazi changu tulipangwa kwa madaraja, A anapata asilimia 100, B 80, C 60, hadi F asiyepata kitu, na bwenini watu walitaniana kwa herufi hizo wakisubiri bumu. Baadaye marejesho yakapanda, kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15 mwaka 2016. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani Rais Samia aliifuta mwaka 2021, Mei Mosi, akiwa jirani zetu Mwanza. Mimi nilishangilia kwa sauti, nakiri.

Sitaki turudi kwenye barua ya tawi. Na fedha haziwatoshi wote, lazima kuwe na chujio. Ila chujio letu linaona karatasi. Yatima ana cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa RITA. Kaya ya TASAF ina namba. Mtu ambaye ni maskini tu, bila karatasi, anategemea bahati ya namba ya katikati.

Mpwa wangu ni yatima bila karatasi. Shemeji alizama ziwani, yeye akiwa darasa la pili. Mtaa mzima ulimzika, walikula na kulala kwetu siku tatu, lakini hakuna aliyekumbuka kufuatilia cheti. Nani akumbuke, na ili iweje? Tulipokaa steshenari ya barabara ya Mukendo, yule kijana kwenye kompyuta akasoma: "Baba, hai au marehemu?" Binti akasema marehemu. "Namba ya cheti?" Akanigeukia. "Mjomba?"

Ukijaza marehemu bila cheti unakwama. Ukijaza hai, unamfufua mtu halafu unatafuta sahihi yake. Tukaacha ukurasa wazi, tukalipia muda wa kompyuta, tukaenda kuanza upya kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuomba barua, tukiwa na babu yake, yaani baba yangu, kama shahidi.

Mwenyekiti alimwamkia mzee, akavuta karatasi. Mazishi anayakumbuka, alibeba jeneza. Lakini barua haiendi bila tarehe. "Mzee, ilikuwa tarehe ngapi?"

Baba akafumba macho. "Giza lilikuwa la siku ya tatu," akasema. "Dagaa walikuwa wengi."

Mwenyekiti akashusha kalamu. Binti akatoa simu, akaanza kutafuta kalenda ya mwandamo wa mwezi ya mwaka ule.